Kushuka mto na kayaki, kupanda na baiskeli: mwongozo kwa mwenye gari moja na hana wa kumsindikiza

Shida ya mto ni kwamba unakupeleka upande mmoja tu. Ziwani unapiga kasia, unazunguka, unarudi pale pale ulipoacha gari. Mtoni ukishashuka maili nane ndo umeshashuka, kurudi juu kwa kasia sahau, na gari liko kule ulikoanzia. Wenye bahati wanaenda wawili na magari mawili, wengine wanalipa kampuni ya kukodisha kayaki (kiboti chembamba cha kupiga kasia) iwapandishe na basi lake. Ila wewe uko peke yako, gari moja, washkaji wote wana shifti Jumamosi. Hapo ndo baiskeli inaingia.

Nitaeleza kwa kutumia mto Little Miami, kusini magharibi mwa Ohio huku Marekani, kwa sababu sijaona mto unaofaa kwa hii kitu kama ule, na pia kwa sababu watu wetu wa Dayton, Cincinnati na Columbus mpo wengi, Wabongo, Wakenya, Wakongo, Warundi, na weekend nyingi zinaishia kwenye nyama choma ya parking wakati mto uko mwendo mfupi tu kwa gari. Mto wenyewe una hadhi, 1969 ulikuwa wa kwanza Ohio kutangazwa na jimbo kuwa mto wa mandhari unaolindwa, na kuanzia 1973 serikali kuu nayo ikauingiza kwenye orodha ya kitaifa. Maji yake kwa sehemu kubwa ni ya taratibu, mawimbi madogo madogo ya kokoto halafu kimya, kokoto tena halafu kimya.

Lakini kilichonifanya niuchague ni njia ya baiskeli. Inaitwa Little Miami Scenic Trail, lami tupu, zaidi ya maili 70, kutoka Springfield mpaka pembeni ya Cincinnati, na sehemu kubwa inatembea na mto bega kwa bega. Ilikuwa reli. Kampuni ya Little Miami Railroad ilipewa kibali 1836, na treni za enzi zile hazikuweza kupanda mlima mkali, kwa hiyo wajenzi walifuata bonde la mto, tuta likapanda pole pole sana. Reli ikafa, tuta likabaki, wakamwaga lami. Maana yake ni kwamba leo ukipanda baiskeli kuelekea juu ya mto hutaona kilima cha kukutoa jasho, miguu itahisi kidogo tu kwamba unapanda, na hukutani na malori isipokuwa pale njia inapokata barabara.

Kuanzia hapa nikisema "juu" namaanisha pale unapoingilia majini, na "chini" ni pale unapotokea. Shika hayo mawili vizuri maana mkanganyiko wote wa safari hii unaanzia hapo.

1. Chagua kipande

Kwa mara ya kwanza napendekeza Oregonia mpaka Morrow. Ni kama maili 8 au 9, yaani kilomita 13 au 14 hivi, mto unaweza kuzidi kidogo maana unapinda. Ni kipande kizuri kuliko vyote kwa maoni yangu, bonde linakuwa jembamba, vilima vya msitu pande zote, na unapita chini ya daraja la Jeremiah Morrow ambapo barabara kuu ya I-71 inavuka bonde zima futi 239 juu yako, ndo daraja refu kwenda juu kuliko yote Ohio, ukiwa chini unasikia tu magari yanavuma kwa mbali. Juu kilimani karibu na hapo kuna Fort Ancient, maboma ya udongo yaliyojengwa na wenyeji wa zamani wa Marekani wa utamaduni unaoitwa Hopewell, 2023 yaliingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO pamoja na mengine ya Ohio. Mtoni huyaoni, lakini siku nyingine nenda kwa miguu.

Faida nyingine ya kipande hiki ni kwamba Fort Ancient iko katikati. Ukichoka, mvua ikikukuta, mkono ukiuma, kuna pa kutokea kabla ya Morrow. Usichague kipande ambacho hakina pa kutokea katikati kama bado hujaujua mwili wako kwenye maji.

Ukishazoea unaweza kuanzia Corwin, ng'ambo ya mto kutoka Waynesville, ukashuka mpaka Morrow, hiyo ni siku nzima. Sehemu rasmi za kuingilia na kutokea zipo kwenye ramani za ODNR, idara ya maliasili ya Ohio, tumia hizo. Usishushe kayaki popote unapoona upenyo, kwa sababu ardhi ya kando ya mto nyingi ni ya watu binafsi, una haki ya kuelea juu ya maji ila kutia nanga na kukaa kwenye kingo ya mtu ni kitu kingine.

Hesabu ya muda. Kwa mwendo wa kustarehe kayaki inakwenda maili 2 mpaka 3 kwa saa, ukiweka kusimama kula na kupiga picha, maili 9 ni saa tatu na nusu mpaka tano. Baiskeli maili 10 kwa saa kwa mtu wa kawaida asiye na haraka, kwa hiyo saa moja. Ongeza saa nzima ya kufunga na kufungua vitu, na hiyo saa watu wanaisahau kila mara. Jumla weka saa saba, ukianza saa tatu asubuhi unamaliza saa kumi jioni na jua bado liko juu.

2. Maji kwanza, hata kabla hujafunga kayaki kwenye gari

USGS, shirika la serikali la jiolojia, wana vipimo vya maji kwenye mito yote mikubwa ya Marekani, unaingia kwenye tovuti yao bure unaona grafu. Kwa Little Miami kuna kimoja Milford, na vingine juu zaidi. Wanaonyesha kimo kwa futi na kiasi cha maji kwa futi za ujazo kwa sekunde.

Usihangaike kukariri namba siku ya kwanza. Angalia mstari. Kama umelala au unashuka taratibu, poa. Kama umepanda ghafla tangu jana, usiende, hata kama leo jua linawaka, maana mvua ilinyesha kule juu na maji ndo kwanza yanakuja kwako. Mto uliojaa unakuja na magogo, rangi ya chai ya maziwa, na pia uchafu wa mashambani na mitaro, ukiwa na kidonda mguuni utajuta. Subiri siku mbili tatu. Kinyume chake, Agosti na Septemba maji yanaweza kuwa machache mpaka unashuka unaburuta kayaki kwenye kokoto, hakuna hatari lakini saa nne zinakuwa sita. Baada ya kila safari andika namba ya siku hiyo na jinsi ilivyokuwa, msimu mmoja tu utakuwa na kipimo chako mwenyewe kinachokuambia zaidi ya ushauri wa mtu yeyote.

Cheki na radi. Ohio majira ya joto mawingu yanajikusanya mchana, asubuhi kweupe saa tisa ngurumo. Sababu nyingine ya kuanza mapema.

3. Kipi kianze, baiskeli au kayaki?

Hapa ndo kuna mjadala, na nina upande wangu.

Njia ya kwanza ni kupiga kasia halafu ndo uendeshe. Unapita chini kwanza unaacha baiskeli imefungwa kufuli, unaendesha gari mpaka juu na kayaki, unaacha gari, unashuka mto. Ukifika chini unafunga kayaki kwenye mti au nguzo, unapanda baiskeli mpaka kwenye gari, unarudi na gari kuchukua kayaki.

Njia ya pili ni kuendesha kwanza. Unaanzia juu, unashusha kayaki unaifunga kufuli, unaendesha gari mpaka chini unaliacha hapo, unapanda baiskeli mpaka juu, unafunga baiskeli, unafungua kayaki, unashuka mto, unatokea mtoni na gari liko pale pale linakungoja. Unapakia kayaki, unapitia juu kuchukua baiskeli, nyumbani.

Wanaopenda ya kwanza wanasema baiskeli mwishoni inanyoosha miguu baada ya kukaa saa nne. Sawa, ila fikiria vizuri. Umetoka kwenye maji, suruali imelowa, makalio yamelowa, unakaa kwenye kiti cha baiskeli maili tisa, na ngozi ya mapaja nayo inasema. Kama ulichelewa mtoni kwa sababu yoyote, unaendesha gizani. Kama mvua imeanza, inakunyeshea. Na nguo kavu, chakula, chaja ya simu, vyote viko kwenye gari maili tisa mbali.

Mimi nasema njia ya pili, na sababu kubwa sio hata hizo. Ni kwamba ukipanda baiskeli kuelekea juu unauona mto kabla hujaingia. Sehemu nyingi unaona maji kupitia kwenye miti, na pale unaposhindwa kuona unaweza kusimama, ukafunga breki, ukatembea hatua chache kuchungulia. Unaona mti mpya ulioanguka, unaona mto umegawanyika kisiwani na upande upi una maji, unaona Fort Ancient pa kutokea pakoje ukipaangalia kutoka nchi kavu. Unaingia majini ukiwa na ramani kichwani. Halafu asubuhi kuna ubaridi, uko mkavu, una nguvu, na ukichelewa mtoni huna cha kukukimbiza, ukigusa tu nchi kavu umefika kwenye gari.

Kasoro yake ni moja, kayaki inalala peke yake juu kwa saa moja na nusu unapokwenda kuweka gari na kurudi, halafu baiskeli nayo inalala pale siku nzima. Kwa hiyo usipeleke baiskeli ya dola elfu mbili. Nunua ile kuukuu ya dola hamsini yenye breki nzima na kiti cha mpira, iliyochubuka rangi, hakuna atakayeihangaikia. Sio lazima iwe na gia nyingi, tuta la reli halina mlima.

 

4. Funguo

Sehemu hii isome mara mbili. Safari hii haiharibikii mtoni, inaharibikia mfukoni.

Kuna funguo tatu: ya gari, ya kufuli la kayaki, ya kufuli la baiskeli. Kwa njia ya pili, kaa kitako ufuate safari nzima kichwani kwa kuanzia mwisho. Unatoka majini, unahitaji nini? Ufunguo wa gari. Kwa hiyo ufunguo wa gari lazima uwe na wewe ndani ya kayaki. Kabla ya hapo uko juu, unafungua kayaki na kufunga baiskeli, kwa hiyo ufunguo wa kayaki lazima ulikuwa mfukoni ukiwa kwenye baiskeli. Kabla ya hapo uko chini unaacha gari, kwa hiyo kufuli la baiskeli lazima limetoka ndani ya gari likafungwa kwenye baiskeli kabla hujabamiza mlango. Ukienda hivyo kinyumenyume huwezi kukosea, ukienda mbele tu utaacha kitu.

Kuna jamaa alifunga kila kitu safi kabisa, akashuka mto kwa raha zote, akafika chini anapapasa jaketi, ufunguo wa gari uko kwenye begi dogo lililoning'inia kwenye usukani wa baiskeli. Maili tisa juu. Na viatu ni ndala.

Dawa: makufuli yote mawili yawe ya namba, umebaki na ufunguo mmoja tu wa kufikiria. Huo mmoja usiuweke mfukoni wala kwenye sanduku la kayaki. Uweke kwenye mfuko mdogo usioingia maji, ufunge kwa kamba ndani ya mfuko wa zipu wa laifu jaketi, zipu ifungwe, kwisha, hautoki hapo mpaka unagusa gari. Kwenye jaketi kwa sababu kayaki ikipinduka kila kitu kinaweza kwenda na maji ila jaketi limekuvaa wewe. Kama ufunguo wako ni ule wa kielektroniki usioenda na maji, uweke mifuko miwili, moja ndani ya nyingine. Wengine wanaficha ufunguo juu ya tairi la gari, mimi siwezi, mwizi wa parking anajua hiyo kabla yako.

5. Vitu

Sitaandika orodha ndefu, kila mtu ana zake. Lakini haya yanatokana na kuchanganya maji na baiskeli.

Laifu jaketi, na ulivae, sio ukalikalie. Ohio sheria inataka kila mtu awe na lake, na mtoto chini ya miaka 10 lazima alivae muda wote kwenye boti ya chini ya futi 18, ila mimi nasema hata wewe mkubwa livae, wengi wetu tumekulia mbali na maji na kuogelea tumejifunza ukubwani, kama tumejifunza.

Kayaki lazima isajiliwe na jimbo la Ohio, hata ile ndogo ya plastiki ya kwenye supermarket. Ada ni ndogo, faini inauma zaidi.

Kasia chagua linalogawanyika vipande viwili katikati, mengi ya kayaki yako hivyo. Ukiacha kayaki juu, usiache kasia humo. Ligawe, lichomeke kwenye begi la mgongoni, lifunge na mkanda lisiyumbe, panda nalo baiskeli. Kayaki bila kasia haina faida sana kwa mwizi wa haraka haraka. Laifu jaketi nalo pita nalo, livae juu ya begi au lifunge nyuma ya kiti.

Waya wa kufungia kayaki upitishe mahali pagumu. Zile za kukalia juu zina matundu yanayopita mpaka chini, pitisha hapo. Zile za kukaa ndani usifunge kwenye kishikio cha mbele, kile kinakatwa na kisu cha jikoni, pitisha nyuma ya chuma cha kiti.

Viatu vya kufunga, raba za zamani, zitumike kote kote. Ndala mtoni zinakwenda na maji na kwenye pedali zinateleza. Pampu ndogo na tyubu moja ya akiba, na uwe umewahi kubadilisha tyubu nyumbani, sio ujifunze hapo. Helmeti. Maji ya kunywa zaidi ya unavyodhani. Simu ndani ya mfuko usioingia maji, ramani imeshushwa tayari, kule bondeni mtandao unaweza kukukatikia.

6. Siku yenyewe

Fika juu, Oregonia, mapema kabla magari ya kampuni za kukodisha hayajajaa. Shusha kayaki, ibebe mpaka mahali isipozuia njia ya watu, ifunge, igeuze kifudifudi isijaze maji kama mvua ikipita. Piga picha na simu mahali ulipoifunga. Baiskeli inabaki kwenye gari.

Endesha mpaka Morrow. Kabla ya kushusha baiskeli nenda kwa miguu mpaka kwenye maji, pale pale utakapotokea, simama uangalie mto kutoka kule utakakokuja nao. Tafuta alama: daraja, nguzo, mti mkubwa mweupe, kuna mikuyu ya Marekani (sycamore, sio ile ya nyumbani) mingi hapo yenye magome meupe inaonekana mbali. Ukiwa majini kila kitu kinaonekana tofauti, kingo zote zinafanana, na ukipita sehemu ya kutokea huwezi kurudi. Mimi huwa nafunga kitambaa chekundu kwenye tawi linaloonekana, halafu nakitoa nikimaliza. Dakika kumi za hapo zinaokoa mengi.

Soma kibao cha parking kinasemaje kuhusu muda. Halafu tuma meseji kwa mtu: naingia Oregonia saa fulani, natokea Morrow, kama hujanisikia mpaka saa kumi na mbili piga 911 uwaambie niko kati ya hapo na hapo. Weka na rangi ya kayaki. Sio uoga, ni kwamba mto una maili tisa na mtafutaji akijua rangi anakupata haraka.

Panda baiskeli. Kaa kulia, ukimpita mtu piga kengele au sema, watu wanatembea na mbwa na watoto wadogo wanayumba. Njiani mizizi ya miti inainua lami, kuna matuta yanakupiga ghafla, na kasia mgongoni linakugonga kisogoni, endesha pole. Pale njia inapokata barabara simama kweli kweli, dereva wa Ohio vijijini hakutegemei.

Juu: funga baiskeli kwenye kitu kilichozikwa ardhini, sio mti wa kuyumba. Fungua kayaki. Kabla hujaingia gusa zipu ya jaketi, ufunguo upo? Upo. Twende.

7. Mtoni

Maji ya kipande hiki ni ya wanaoanza, lakini kuna kitu kimoja kinaua kwenye mito ya taratibu kama hii, nacho ni mti ulioanguka. Mikuyu inakua kwenye ukingo kabisa, maji yanachimba mizizi, mti unalala mtoni na matawi yake yote. Unafanya kazi kama chujio, maji yanapita katikati ya matawi, mtu hapiti. Anabanwa na maji yanaendelea kumsukuma.

Mara nyingi inakaa upande wa nje wa kona, kwa sababu huko ndo maji yana kasi na yanachimba. Kwa hiyo ukikaribia kona, kaa upande wa ndani, angalia mbele. Ukiona matawi na huoni uwazi mpana wa kupita, tokea pembeni mapema, buruta kayaki nchi kavu, pita, ingia tena. Ukiwa umechelewa na kayaki inapigwa ubavu kwenye gogo, egemea upande wa gogo, kuelekea kule kule unakoogopa, ukiegemea upande wa maji yanakoingia yanakupindua mara moja. Na ukiwa tayari umeanguka majini na mti uko mbele hakuna pa kukwepa, ogelea kuuelekea kwa nguvu, kichwa mbele, jirushe juu yake, panda, usikubali kuingia chini.

Ukianguka mahali pengine pa kawaida, lala chali, miguu mbele na juu, acha maji yakupeleke mpaka yatulie. Usisimame maji yakiwa na kasi hata kama ni ya magotini, mguu ukibanwa kati ya mawe maji yanakulaza usoni. Hili watu wengi wazima hawalijui.

Mengine ni starehe. Korongo wa kijivu wanasimama kwenye kokoto hawakujali, kobe wamejipanga kwenye gogo wanaanika mgongo, ukikaribia wanatumbukia mmoja mmoja. Hakuna mamba. Naandika hili kwa sababu nimeulizwa, hakuna mamba wala kiboko Ohio. Na kwa wale wa nyumbani mnaosoma, kwa sababu hiyo hiyo msichukue huu mwongozo mkaupeleke Rufiji au Tana. Kule mwenyeji na mtumbwi wake ndo anajua kiboko analala wapi, baiskeli haisaidii chochote.

Mkiwa familia

Inakuwa rahisi zaidi. Wote mnafika juu na kayaki zenu, watoto na mkubwa mmoja wanabaki pale na chakula, anayependa baiskeli anapeleka gari chini peke yake anarudi akiendesha. Kayaki hazihitaji hata kufuli, zina walinzi. Chini mkimaliza mko wote na gari, baiskeli moja tu ya kupitia. Watoto mvalisheni jaketi tangu mnaposhuka kwenye gari, kingo ya mto ndo inakoteleza.

Bila gari kabisa

Kuna boti za kujaza upepo zinaitwa packraft, kampuni kama Alpacka Raft ya Colorado inatengeneza, nyingine hazifiki kilo nne, inakunjwa inakaa kwenye baiskeli. Unapanda nayo juu, unaijaza, unafungua matairi ya baiskeli, unailaza baiskeli mbele juu ya boti, unashuka nayo. Hakuna gari, hakuna kurudi kuchukua kitu. Funika meno ya gia na kitambaa yasitoboe boti, na mikanda yote ikazwe mikia yake ifichwe, kamba inayoning'inia majini inaweza kukufunga mguu. Bei yake ni kubwa na ukikutana na mti baiskeli inakuwa mzigo wa kunasa, kwa hiyo anza na kayaki ya kawaida kwanza.

Mito mingine

Ukiwa mbali na Ohio tafuta reli ya zamani iliyogeuzwa njia ya baiskeli kando ya mto, mantiki ni ile ile. Missouri kuna Katy Trail, ila Mto Missouri ni mpana na una mkondo mkali, sio wa kujifunzia. Pennsylvania kuna Great Allegheny Passage kando ya mto Youghiogheny, baiskeli ni raha tupu lakini mto chini ya Ohiopyle una maporomoko ya watu waliofundishwa, usidanganywe na ulaini wa njia. Ujerumani mliopo huko jaribuni Altmühl kule Bavaria, mto mtulivu, njia ya baiskeli inaufuata, na mahali pengi kuna treni pia.

Popote utakapokwenda, kabla ya yote uliza kama kuna mabwawa mafupi, yaani kuta fupi zinazokata mto mzima kutoka kingo hadi kingo. Kutoka juu yanaonekana kama mstari tu wa maji tulivu, chini yake maji yanazunguka hayaachii mtu. Hayo hupiti hata ukiona wengine wamepita, unatoka unabeba.

Ukifika nyumbani

Oga na sabuni mapema, kwenye kingo kuna mmea wa poison ivy, majani matatu matatu, mafuta yake yanawasha siku nyingi, na yanakaa hata kwenye kamba na kwenye baiskeli uliyoegesha vichakani, futa na hivyo. Kagua kupe nyuma ya magoti, kiunoni, kichwani kwa watoto. Mwaga maji yote ya kayaki uikaushe kabla ya kuipeleka mto mwingine usije ukahamisha konokono na kome wageni. Mnyororo wa baiskeli upige mafuta usiku huo huo, na namba ya kipimo cha maji iandike kabla hujalala.